Mhubiri aliyeokoa majina ya mashati na mabakuli ya Waskoti

MELI kongwe ya Cutty Sark, ambayo watalii huitembelea huko Greenwich jijini London, ina jina ambalo hata Waingereza wengi hawajui maana yake. Iliundwa Dumbarton, Scotland, na kushushwa majini mwaka wa 1869. Katika lugha ya Kiskoti 'sark' ni shati au shimizi, na 'cutty' ni fupi. Meli nzima, basi, inaitwa Shimizi Fupi! Jina hilo lilitoka katika shairi la Robert Burns, ambamo mlevi mmoja anawafumania wachawi wakicheza densi usiku wa manane, na mmoja wao, msichana mbichi, amevaa shimizi aliyonunuliwa akiwa mtoto na ambayo sasa haimtoshi.

Leo anayekwama kwa neno kama hilo hufungua kamusi, au huitafuta katika intaneti, na mara moja analipata. Lakini Burns alipokuwa akiandika hakukuwa na kamusi kamili hata moja ya Kiskoti. Kulikuwa na orodha fupi za maneno zilizochapishwa nyuma ya vitabu vya mashairi ya kale, basi. Aliyeandika kamusi ya kwanza iliyostahili jina hilo hakuwa profesa wala mtu wa ukoo mkubwa. Alikuwa mhubiri wa mji mdogo, aliyekuwa na mke na watoto na mshahara wa pauni 50 kwa mwaka. Aliitwa John Jamieson.

Jamieson alizaliwa Glasgow tarehe 3 Machi 1759. Baba yake, ambaye pia aliitwa John, alikuwa mchungaji katika kundi la Wakristo waliokuwa wamejitenga na Kanisa la Scotland, lile kanisa ambalo miaka mingi baadaye lilituma wamishenari Blantyre huko Malawi na Kikuyu nchini Kenya. Waliojitenga walikuwa watu wakali wa imani, wengi wao mafundi na wakulima wadogo, na hawakupenda anasa wala mzaha katika mambo ya Mungu. Kijana John aliingia Chuo Kikuu cha Glasgow akiwa na umri wa miaka tisa. Hilo halikuwa jambo la kawaida hata siku hizo, ingawa vyuo vya Scotland vilizoea kupokea wanafunzi ambao leo tungewaweka shule ya msingi. Akiwa na miaka 20 alipewa kibali cha kuhubiri, na mwaka uliofuata, 1780, akawekwa kuwa mchungaji wa Forfar, mji wa mkoa wa Angus upande wa kaskazini mashariki.

Ili kuelewa kazi aliyokuja kuifanya, ni lazima tukumbuke hali ilivyokuwa wakati huo. Scotland iliungana na England mwaka wa 1707. Bunge lake likavunjwa, na wakubwa wake wakaanza kuelekeza macho London. Kiskoti, ambacho kiliwahi kuwa lugha ya wafalme, ya mahakama na ya washairi mashuhuri, kikaanza kuhesabiwa kuwa Kiingereza kilichoharibika. Wasomi waliona haya kukisema mbele ya wageni. Mwanafalsafa David Hume alichapisha mwaka wa 1752 orodha ya maneno ya Kiskoti ambayo mwandishi mstaarabu alipaswa kuyaepuka. Mwaka wa 1761 mwigizaji Thomas Sheridan alifika Edinburgh kutoa mihadhara juu ya namna ya kutamka Kiingereza, na mamia ya mabwana walijitokeza kumsikiliza. Kichekesho ni kwamba Sheridan mwenyewe alikuwa mtu wa Ireland. Baadaye James Beattie, profesa wa Aberdeen, naye akatoa orodha yake ya maneno ya kuepukwa.

Jamieson alilelewa katika fikra hizo hizo, na kwa miaka mingi hakuziona kuwa na kasoro. Kwake, maneno aliyoyasikia kwa waumini wake yalikuwa maneno ya watu wasiosoma.

Forfar ulikuwa mji wa washona viatu na wafumaji. Washona viatu waliitwa 'souters', na wale wa Forfar walikuwa na sifa katika nchi nzima. Wafumaji walifanya kazi majumbani mwao, vitanda vya kufumia vikigonga tangu alfajiri, na kitambaa walichokitoa zaidi ni kitani kigumu kisichopaushwa kilichoitwa 'osnaburg'. Kitambaa hicho kilipewa jina la mji wa Osnabrück huko Ujerumani, ambako kilifumwa kwanza, kama vile merikani ya huku kwetu ilivyopata jina kutoka nchi iliyoileta. Watu wa Angus walijifunza kukiiga kuanzia miaka ya 1740, wakakifuma kwa bei rahisi, na wafanyabiashara wakakisafirisha kwa marobota hadi visiwa vya Karibi na mashamba makubwa ya Marekani. Huko kilikuwa na kazi moja kubwa. Kilikuwa nguo ya watumwa. Mwenye shamba alimpimia kila mtumwa yadi chache kwa mwaka, akashone mwenyewe.

Kwa hiyo mkate wa mji ule ulitegemea kwa kiasi fulani mgongo wa Mwafrika aliyeuzwa. Hakuna aliyeweza kuishi Forfar asijue kitambaa kilikokwenda, na yamkini baadhi ya waliokaa mbele ya mimbari ya Jamieson siku ya Jumapili walikuwa wametumia wiki nzima wakikifuma. Mwaka wa 1789, wakati harakati za kupinga biashara ya watumwa zilipokuwa zikipamba moto nchini Uingereza, mchungaji huyo alichapisha shairi refu liitwalo The Sorrows of Slavery, yaani majonzi ya utumwa, akieleza mateso ya watu waliotekwa na kuvushwa bahari. Si shairi linalosomwa sana leo, na kusema kweli Jamieson hakuwa Burns. Lakini kwa mchungaji kijana, ambaye mshahara wake ulitoka katika mifuko ya watu wa mji kama ule, kulichapisha kulihitaji moyo.

Katika miaka hiyo hiyo alikutana na mtu aliyebadili maisha yake. Maili chache kutoka Forfar kulikuwa na Dunnichen, makao ya George Dempster, mbunge na mwenye ardhi aliyependa kuwakaribisha watu wenye elimu. Siku moja mgeni wake alikuwa Grímur Jónsson Thorkelin, msomi mzaliwa wa Iceland aliyekuwa mtunza nyaraka huko Copenhagen, Denmark. Thorkelin alikuwa Uingereza akitafuta maandishi ya kale yanayohusu nchi za Kaskazini. Ndiye aliyenakili shairi la Beowulf na baadaye, mwaka wa 1815, kulitoa kitabuni kwa mara ya kwanza. Katika matembezi yake ya Scotland alikuwa ameandika mamia ya maneno aliyoyasikia vinywani mwa watu wa kawaida, ambayo hayakuwemo katika Kiingereza cha vitabuni lakini yalikuwa hai kwao Iceland.

Jamieson alipomwambia kwamba alidhani Kiskoti ni Kiingereza kilichochakaa, mgeni alimpinga. Alimwonyesha kwamba maneno aliyoyadharau yalikuwa na ukoo wa kale, na kwamba mengine yalitumika mezani na shambani huko Kaskazini kwa umbo lile lile. Inastaajabisha kwamba mtu ilibidi aambiwe thamani ya lugha ya mama yake na mgeni aliyekuja kwa meli. Hata hivyo, hayo yametokea mahali pengi duniani.

Mchungaji alinunua daftari la senti mbili na kuanza kuandika. Hakuanza na falsafa. Alianza na maneno aliyoyasikia kwa wakulima, wafumaji na akina mama, na mengi ya hayo yalikuwa majina ya vitu: walichovaa, walichokalia, walichopikia na walichowekea akiba.

Chukua 'sark' lenyewe. Katika lugha ya kale ya Iceland nguo hiyo iliitwa 'serkr'. Chukua 'breeks', yaani suruali, na 'kist', sanduku la mbao la kuwekea nguo, ambamo msichana alijikusanyia mashuka na vitambaa vya kuanzia maisha ya ndoa. Mwingereza husema 'breeches' na 'chest'. Panapotoka 'ch' katika kinywa cha Mwingereza, mara nyingi Mskoti ana 'k', na hivyo ndivyo hata kanisa lilivyoitwa 'kirk'. Sauti hiyo ngumu, ambayo mabwana wa Edinburgh walikuwa wakilipa ada ili waiondoe kinywani, haikuwa ulimi mzito. Ni matamshi ya zamani ya kaskazini.

Nguo za Waskoti maskini zilikuwa na majina yake yote. 'Hodden' kilikuwa kitambaa kizito cha sufu ambacho hakikutiwa rangi. Pale sufu ya kondoo mweusi ilipochanganywa na ya mweupe, kikatoka cha kijivu, na hiyo ndiyo iliyokuwa suti ya mkulima. 'Moggans' zilikuwa soksi ndefu zisizo na nyayo, kwa kuwa nyayo huisha kwanza na mwenye akili hakupoteza uzi bure. Kiatu kilichochakaa hadi kikawa cha kuburuta kiliitwa 'bauchle', na baadaye neno hilo likatumiwa hata kwa mtu aliyechoka na kupoteza umbo. 'Mutch' ilikuwa kofia ya kitani ya mwanamke, neno lililoletwa na biashara ya Uholanzi, ambako hadi leo kofia huitwa 'muts'.

Mengine yalibeba sheria ya jamii nzima. Msichana ambaye hajaolewa alifunga nywele zake kwa utepe ulioitwa 'snood'. Siku ya kuolewa aliuvua, akajitanda kitambaa cha kichwa kilichoitwa 'curch', alama ya mwanamke mwenye mume. Aliyeharibikiwa kabla ya ndoa alipoteza utepe asipate kitambaa, akabaki kichwa wazi katikati ya hali mbili, na kila aliyepita njiani akajua habari zake. Zaidi ya hayo kulikuwa na kigoda kilichoitwa 'cutty stool', mbele ya kanisa, alikokalishwa mwenye dhambi ya uzinzi akitazamwa na waumini wote. Ni 'cutty' lile lile la shimizi. Kijiko kifupi cha pembe kiliitwa 'cutty', na kiko kifupi cha tumbaku pia. Neno moja la ufupi lilitembea kutoka jikoni hadi kwenye aibu ya hadharani, na mchungaji aliyekuwa akiyaandika maneno haya alizijua sehemu zote mbili.

Jikoni ndiko kulikokuwa na utajiri zaidi. Uji wa shayiri ulikorogwa kwa 'spurtle', kijiti cha mviringo ambacho ni ndugu wa mwiko ila hakina ubapa. Mikate ya shayiri ilichomwa juu ya 'girdle', bamba la chuma kama lile la chapati, lililoning'inizwa juu ya moto. Watu walilia katika 'cog', bakuli la vipande vya mbao vilivyobanwa kwa pete kama pipa dogo. Lile ambalo kipande kimoja kilichomoza juu kuwa mkono wa kushikia liliitwa 'luggie', kwa sababu 'lug' ni sikio. Usiku walimulikwa na 'cruisie', taa ya chuma iliyowaka kwa mafuta, mara nyingi ya samaki, na utambi wa moyo wa unyasi. Kikombe cha 'quaich' kilitoka kwa Wagaeli wa milimani. Sahani kubwa ya nyama iliitwa 'ashet', na hilo ni neno la Kifaransa 'assiette', kumbukumbu ya karne ambazo Scotland na Ufaransa zilikuwa marafiki dhidi ya England.

Na chungu cha udongo kiliitwa 'pig', neno ambalo kwa Mwingereza ni nguruwe. Waskoti wamewacheka wageni kwa neno hilo kwa vizazi vingi, maana chupa ya udongo iliyojazwa maji moto na kuwekwa kitandani iliitwa hivyo hivyo. Kibweta cha udongo cha kuwekea senti kiliitwa 'pirlie-pig'.

Mwaka wa 1797 Jamieson aliitwa kuwa mchungaji wa kanisa la Nicolson Street mjini Edinburgh. Huko alipata maktaba, hati za kale na marafiki wenye vitabu. Mmoja wao alikuwa Walter Scott, wakati huo mwanasheria kijana aliyekuwa akikusanya nyimbo za mpakani, ambaye alimpelekea maneno. Daftari la senti mbili lilikuwa limezaa mengine mengi. Hatimaye, mwaka wa 1808, kamusi ikatoka katika majuzuu mawili makubwa. Ilitoa maana ya neno, ikaonyesha lilivyotumiwa na waandishi wa kale na wa karibuni, ikalilinganisha na lugha nyingine, hasa za Kaskazini, na mara nyingi ikaeleza desturi iliyokuwa nyuma yake.

Nadhani hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Mtu anayetafuta jina la kofia katika kamusi hiyo anaweza kujikuta anasoma habari za harusi. Anayetafuta neno la chakula anaangukia sikukuu. Jamieson hakuweza kulitenga jina na maisha ya aliyelitumia, na wenye kamusi fupi na nadhifu wana haki ya kumwonea wivu.

Alikuwa na kosa moja kubwa. Thorkelin alimwasha moto, na moto ukamzidi. Jamieson alishikilia kwamba Kiskoti hakikutokana kamwe na Kiingereza cha kale, bali kililetwa moja kwa moja kutoka Kaskazini na Wapikti, watu wa kale wa Scotland. Wataalamu wa leo hawakubali. Wapikti walisema lugha ya jamii ya Kikelti, iliyokaribiana na ile ya Wales, na Kiskoti kilichipuka kutoka Kiingereza cha kale cha kaskazini, kisha kikapokea maneno ya Waviking, Wafaransa, Waholanzi na Wagaeli. Nadharia yake imekufa. Maneno aliyoyaokota hayakufa nayo, kwa sababu aliyaandika jinsi alivyoyasikia na kuyasoma.

Watu waliyapokea kwa furaha ambayo pengine hata yeye hakuitarajia. Mwaka wa 1818 alitoa kamusi fupi ya juzuu moja. Wasomaji kutoka pande mbalimbali wakaanza kumpelekea maneno ya kwao aliyoyaacha nje, na mwaka wa 1825 akatoa majuzuu mengine mawili ya nyongeza. Katikati ya kazi hiyo alihariri mashairi makuu ya kale juu ya mashujaa Robert Bruce na William Wallace, yaliyochapishwa mwaka wa 1820. Mwaka huo huo makundi mawili ya Wakristo waliojitenga, ambayo kwa zaidi ya miaka 70 yalikuwa yamegombana kuhusu kiapo, yaliungana tena, jambo alilolitamani kwa muda mrefu.

Nyumbani kwake mambo hayakuwa mepesi. Yeye na mkewe Charlotte walipata watoto wengi, na wengi wao waliwazika wenyewe. Fedha hazikutosha. Mfalme George wa Nne alimpa posho ya gini 100 kwa mwaka, mmoja wa waandishi kumi waliopewa heshima hiyo, akiwemo mshairi Coleridge. Mfalme alipofariki mwaka wa 1830 posho ilikatwa, mwaka ule ule ambao mzee aliacha uchungaji kwa sababu ya afya. Baadaye serikali ilimpa pensheni nyingine. Alipopata nafasi alikwenda kuvua samaki katika mto Tweed, starehe pekee ambayo wafuasi wa kanisa lake hawangeweza kumlaumu nayo.

Kamusi yake ilichapishwa tena na tena katika karne yote ya 19. Ilifuatwa na kazi kubwa zaidi za karne ya 20, ile ya Kiskoti cha kisasa iliyotoka kati ya 1931 na 1976, na ile ya Kiskoti cha kale iliyokamilika mwaka wa 2002. Zote mbili zilianza kusomwa bure katika intaneti mwaka wa 2004. Katika sensa ya mwaka wa 2011, watu zaidi ya milioni moja na nusu nchini Scotland walisema wanazungumza Kiskoti. Taa ya 'cruisie' sasa iko katika majumba ya makumbusho, lakini 'ashet' bado hutumika mezani, na 'bauchle' bado ni tusi zuri.

Charlotte alimtangulia kaburini. John Jamieson alifariki Edinburgh tarehe 12 Julai 1838, akiwa na umri wa miaka 79, akazikwa katika uwanja wa kanisa la St Cuthbert's. Sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ya Uingereza ilikuwa imepitishwa mwaka wa 1833, lakini wengi wa watu waliovaa kitani cha Angus huko Karibi walikuwa bado wamefungwa kwa mabwana wao kwa jina la wanagenzi. Waliachiliwa kabisa tarehe 1 Agosti 1838, siku ishirini baada ya kifo chake.